Saratani ya tundu la sikio: upasuaji wa kwanza ndio wenye nafasi kubwa. Niliyopitia, tujadiliane

#1 TunduLaKulia (mleta uzi)

Wakuu, salaam.

Wiki hii nimetimiza miaka 4 tangu nitolewe tundu la sikio la kulia. Nasema tundu kwa maana yake halisi: ngozi ya ndani, gegedu, mfupa unaolizunguka, ngoma ya sikio na vijifupa viwili vya nyuma yake, vyote vilitoka pamoja kama kipande kimoja. Sikio la nje lipo mahali pake, ila ukilichungulia huoni njia, ngozi imeshonwa ikafungwa. Naandika kwa sababu siku nilipotajiwa jina la ugonjwa nilisoma usiku kucha na bado sikuling'amua jambo ambalo leo naamini ndilo lililonivusha: saratani hii inataka itolewe yote mara ya kwanza. Ikifanywa nusunusu, mara ya pili haiwi sawa tena na ya kwanza.

Nianze na miezi 11 iliyopotea.

Sikio lilianza kwa kuwasha, yakafuata majimaji. Nikapewa dawa ya matone. Yakakauka wiki mbili, yakarudi. Matone mengine. Mara ya tatu majimaji yalikuja na damu. Mara ya nne maumivu yakawa yananiamsha usiku, maumivu ya ndani kabisa, makali kuliko nilivyotarajia kwa sikio lililodaiwa kuwa na fangasi. Jumla niliandikiwa matone mara 5 na wahudumu 3 tofauti. Sina kinyongo nao. Ugonjwa huu humpata takriban mtu 1 katika kila watu milioni 1 kwa mwaka, na sikio linalotoa usaha ni jambo la kila siku, kwa hiyo daktari anaweza kufanya kazi mpaka anastaafu asikutane nao. Kuanza na matone si kosa. Kinachoniuma ni kuendelea nayo mwezi wa tatu, wa nne, wa sita, bila mtu kulisafisha sikio chini ya darubini na kujiuliza hii nyama iliyoota humu imetoka wapi.

Aliyejiuliza hatimaye alinikata kinyama kikaenda maabara. Jibu: uvimbe wa maambukizi tu. Nikashangilia. Yeye hakushangilia. Akasema kipande kile kilikuwa cha juujuu, na juu ya saratani ya sikio mara nyingi hutanda nyama laini ya kidonda ambayo ukiipima utaona maambukizi peke yake. Akanipangia tena, safari hii kwa nusu kaputi, akachukua ndani zaidi. Jibu la pili: saratani ya seli bapa, aina inayopatikana zaidi katika tundu la sikio.

Mtu yule sitamsahau.

Nikapimwa CT kuangalia mfupa umeliwa kiasi gani, na MRI kuangalia nyama, neva ya uso na utando wa ubongo. Kipimo kimoja hakitoshi, maana CT inauona mfupa vizuri lakini haiwezi kukwambia kwa uhakika kama kivuli kilichoko sikio la kati ni uvimbe au ni majimaji yaliyotuama. Hapo ndipo nilipofika njia panda. Hospitali ya kwanza waliniambia wataingia, watausafisha uvimbe kadiri watakavyouona, na kitakachobaki kitamalizwa na mionzi. Ilinivutia, nakiri. Upasuaji mdogo, siku mbili kitandani, narudi nyumbani. Yule daktari aliyenikata kinyama ndiye aliyenisihi nisikubali kabla sijaonana na timu inayoukata mfupa wa panja, yaani mfupa wa kichwa unaolibeba sikio, mara kwa mara.

Nitaendelea chini, huu umeshakuwa mrefu.


#2 TunduLaKulia

Naendelea.

Timu ile walinichorea. Tundu la sikio la mtu mzima lina urefu wa kama sentimita 2.5. Theluthi ya nje ni gegedu, theluthi mbili za ndani ni mfupa, na ngozi iliyolala juu ya mfupa ule ni nyembamba mno, haina hata nyama chini yake. Saratani ikianza pale ina safari fupi sana kuufikia mfupa. Upande wa gegedu nako kuna nyufa ndogo za kuzaliwa nazo, na hizo ndizo njia ya kupenya kwenda mbele, kwenye tezi ya mate na kiungo cha taya. Juu kuna ubongo. Nyuma na ndani kuna neva inayoendesha uso. Chini kuna mishipa mikubwa ya damu. Ni chumba kidogo chenye majirani wakubwa.

Ukubwa wa ugonjwa hupimwa kwa mizani ya Pittsburgh, iliyotolewa mwaka 1990 na kurekebishwa mwaka 2000. T1 haijagusa mfupa wala nyama ya nje ya tundu. T2 imeutafuna mfupa bila kuutoboa, au imeingia kwenye nyama kwa chini ya nusu sentimita. T3 imetoboa mfupa mzima au imeingia sikio la kati au mfupa wa nyuma ya sikio. T4 imefika sikio la ndani, utando wa ubongo, njia ya mshipa mkuu wa damu, kiungo cha taya, au imeshalegeza uso. Mimi nilikuwa T2.

Upasuaji wenyewe, kwa jinsi nilivyoeleweshwa na baadaye nikasoma ripoti yangu mstari kwa mstari: chale nyuma ya sikio, sikio la nje linafunuliwa mbele kama jani, mdomo wa tundu unashonwa ili saratani ibaki imefungiwa ndani ya kifurushi chake. Kisha mfupa wa nyuma ya sikio unachimbwa kwa keekee ndogo mpaka neva ya uso ionekane. Kuanzia hapo kazi yote ni kuizunguka saratani bila kuigusa. Kijifupa cha kusikia kiitwacho fuawe kinaachanishwa na mwenzake kikuku, kikuku kinaachwa kwenye dirisha lake ili sikio la ndani lisifunguke. Mfupa unakatwa juu, unakatwa chini, mikato miwili inakutana mbele karibu na kiungo cha taya, na kipande kizima kinatoka kikiwa na ngoma ya sikio, nyundo na fuawe ndani yake. Wakatoa pia sehemu ya juu ya tezi ya mate iliyo mbele ya sikio na tezi za juu za shingo. Shimo likajazwa kwa msuli wa panja uliogeuzwa kutoka pale pale. Saa 7 mezani, siku 6 wodini.

Patholojia, yaani maabara iliyokipima kipande, ikasema kingo zote safi, hakuna saratani pembezoni mwake, tezi za shingo safi. Hata hivyo nikapewa mionzi mara 30, jumla grei 60 (grei ni kipimo cha dozi ya mionzi), kwa sababu mfupa ulikuwa umeshaguswa. Leo sikio lile linasikia kupitia mfupa tu. Ndiyo bei, na nimeilipa kwa moyo mweupe.

Karibuni kwa maswali. Kama kuna mtaalamu humu, anisahihishe nilipokosea.


#3 BintiMkubwa

Kaka, nimesoma nikilia. Mama yangu ana miaka 67, sikio la kushoto, jibu limetoka siku 9 zilizopita. Seli bapa kama wewe. Uso hauna shida, anafunga macho yote vizuri, lakini anasema taya linamuuma akifungua mdomo. Wamesema T2 au T3, wanasubiri MRI. Wadogo zangu wamegawanyika: mmoja anataka mionzi peke yake, anasema mama ni mtu mzima asikatwe kichwa. Mimi ndiye nitakayesaini. Nisaidieni.


#4 Mzunguko360

Pole sana dada. Mimi nauliza kwa nia njema kabisa, maana nimelisikia tangu utotoni: si inasemekana saratani ikiguswa na kisu ndipo inapochachamaa na kusambaa? Baba mdogo alikuwa na uvimbe, akapasuliwa, miezi minne baadaye ukawa mkubwa mara mbili. Tangu hapo nyumbani kwetu upasuaji wa saratani hautajwi.


#5 Chumba_cha_Upasuaji

Mimi ni daktari wa masikio, pua na koo, na mfupa wa panja ndio kazi yangu. Mleta uzi ameeleza vizuri kuliko baadhi ya wanafunzi wangu, sina cha kusahihisha.

Mzunguko360, pole kwa baba mdogo. Ulichokiona ni kweli, ila naomba ukitazame kwa upande mwingine. Uvimbe uliorudi ndani ya miezi minne kwa kawaida ni uvimbe ambao haukutoka wote. Kisu hakikuusambaza, kiliuacha. Kinachobaki kinaendelea kukua, na sasa kimo ndani ya kovu ambalo vipimo havilisomi vizuri. Ndiyo maana nakataa habari ya "kuusafisha" uvimbe wa tundu la sikio kwa vipande. Ukichokoa saratani kidogokidogo ndani ya mfupa huwezi tena kujua ukingo uko wapi, na mtaalamu wa patholojia anayepokea vipande 15 kwenye chupa hawezi kukwambia kama kuna kilichobaki. Kipande kizima ana pa kushika: anapaka wino pande zake, anapima umbali wa saratani kutoka kila upande.

Zamani watu walichimba mfupa, wakachokoa, wakaongeza mionzi, na wagonjwa wengi hawakufika mbali. Mwaka 1954 Parsons na Lewis walichapisha njia ya kuutoa sehemu kubwa ya mfupa wa panja kwa pamoja, kwa upasuaji mmoja. Ilikuwa operesheni ya kutisha kwa wakati ule, lakini wazo lake ndilo tunaloliishi mpaka leo. Tumejifunza pia kupunguza: kwa T1 na T2 hatuhitaji kuligusa sikio la ndani, tunakata nje yake, kama alivyokatwa mleta uzi.

BintiMkubwa, jambo la taya nalichukulia kwa uzito. Ukuta wa mbele wa tundu unapakana na kiungo cha taya. Mwombe daktari wenu aiangalie MRI hapo hasa, na amwombe msomaji wa picha aandike kwa maneno kama nyama ya mbele imeingiwa na kwa milimita ngapi. Ikizidi nusu sentimita, hiyo si T2 tena wala T3, ni T4, na mpango unabadilika: kichwa cha mfupa wa taya na tezi yote ya mate vinaweza kuhitajika kutoka pamoja na tundu. Bora lijulikane kabla ya siku ya upasuaji.

Kuhusu mionzi peke yake: kwa T1 ndogo sana kuna vituo vinavyoitumia na matokeo yake si mabaya. Lakini saratani ikishaingia mfupani, upasuaji ukifuatiwa na mionzi ndiyo njia tunayoiamini zaidi. Miaka 67 peke yake si sababu ya kumnyima. Tunaangalia moyo, mapafu, sukari, na jinsi anavyotembea na kujihudumia.


#6 BintiMkubwa

Asante sana daktari. Nimeyaandika yote kwenye daftari. Naomba nikuulize lile ambalo hakuna anayetaka kunijibu usoni. Atapona?


#7 Chumba_cha_Upasuaji

Dada, nitakujibu kama ninavyowajibu watu chumbani kwangu.

T1 na T2 zilizotolewa zote zikiwa na kingo safi: zaidi ya watu 80 katika 100 wanakuwa hai baada ya miaka 5, na baadhi ya vituo vimeripoti karibu wote. T3: kati ya nusu na robo tatu. T4: chini ya nusu, na inategemea sana imefika wapi. T4 iliyoingia nyama ya mbele ya tundu si sawa na T4 iliyoingia ubongo, ingawa mizani imeziweka kapu moja, na hilo naliona kuwa udhaifu wa mizani yenyewe.

Nambari hizi zinatokana na vikundi vidogo, kwa sababu ugonjwa ni adimu. Zinakuonyesha uelekeo, hazimsemei mama yako.

Yanayobadilisha hesabu ni haya. La kwanza ni ukingo: saratani ikiachwa ukingoni, mionzi haifidii kikamilifu. La pili ni tezi za shingo. Tezi moja tu ikiwa na saratani, hata T1 inapanda kuhesabiwa hatua ya III, na T2 kwenda juu inakuwa hatua ya IV. La tatu ni uso kulegea kabla ya upasuaji, maana yake neva imeshaingiwa. Utando wa ubongo ukiguswa tunaweza kuukata na kuuziba, lakini ubongo wenyewe ukiingiwa, au mshipa wa karotidi, ule mkuu unaopeleka damu kichwani, ukizungukwa, wengi wetu tunaona kisu hakimsaidii tena mgonjwa, kinamuumiza. Kuna waliojaribu kutoa mfupa wote wa panja pamoja na mshipa huo. Madhara ni makubwa na faida ya kuishi zaidi haijaonekana wazi, mimi sifanyi.

Ikirudi, mara nyingi hurudi pale pale na ndani ya miaka 2 ya kwanza. Ndiyo maana tunawataka kliniki kila baada ya miezi 2 au 3 mwaka wa kwanza. Mgonjwa ambaye shimo lake limefunikwa na msuli hatuwezi kumchungulia kwa macho, tunategemea MRI. Naomba msizikwepe hizo tarehe hata mama akijisikia mzima.


#8 Aliyebaki

Nimesita kuandika kwa sababu habari yangu haikuishia vizuri, lakini naona uzi huu ni wa watu wanaotaka ukweli.

Mume wangu alikuwa T4. Alichelewa kuliko mleta uzi, zaidi ya mwaka na nusu akitibiwa sikio. Alikuwa na kisukari, na hilo lilizidi kuwapoteza waganga, maana kuna maambukizi makali ya tundu la sikio yanayowapata wenye kisukari, nayo hula mfupa, hulegeza uso na huuma usiku vilevile. Alitibiwa hayo kwa sindano za wiki 6. Asubuhi moja nikamwona chai inamwagika pembeni mwa mdomo. Uso ulikuwa umelala upande wa kushoto.

Walimfanyia upasuaji mkubwa, ule wa kutoa na sikio la ndani. Saa 14. Walikata neva ya uso kwa sababu ilikuwa imeliwa, wakachukua neva ya nyuma ya muundi wa mguu wakaiunganisha, na wakatoa nyama ya paja pamoja na mishipa yake kuja kuziba shimo. Alipoamka hakusikia kabisa upande ule na dunia ilimzunguka. Kizunguzungu cha wiki tatu, hawezi kukaa kitandani bila kushikwa, kisha kikapungua polepole akajifunza kutembea tena akishika ukuta.

Jicho ndilo lililotusumbua kuliko chochote. Halikufunga. Matone kila saa mchana, mafuta ya jicho usiku, na plasta ya kulifunga alale. Baadaye wakamwekea kijiuzito kidogo cha dhahabu ndani ya kope la juu ili lishuke lenyewe, na siku ile alilala bila plasta kwa mara ya kwanza baada ya miezi 3. Mwenye mgonjwa ambaye uso umelegea, ulizeni habari ya kijiuzito hicho mapema. Sisi tulichelewa kuambiwa na kioo cha jicho kilikuwa kimeshapata kidonda.

Alipata miezi 19 baada ya upasuaji. Alimwona binti yetu akihitimu. Sijutii upasuaji, naijutia ile mwaka na nusu.


#9 TunduLaKulia

Mama, pole sana, na asante kwa kutuandikia haya. Kijiuzito cha kope sikuwahi kukisikia.

Umegusa jambo ninalotaka kila msomaji alichukue. Sikio la mwenye kisukari likiwa na maumivu ya usiku na nyama iliyoota, atibiwe maambukizi, sawa, lakini kinyama kikatwe vilevile. Magonjwa haya mawili yanafanana kwa macho na hata kwenye CT.


#10 Mzunguko360

Nimeelewa, daktari. Nimempigia mama yangu simu sasa hivi kumweleza hiyo ya "hakikuusambaza, kiliuacha". Amekaa kimya muda mrefu, kisha akasema kumbe.


#11 Sauti_ya_Mfupa

Naongeza upande wa usikivu, mimi ni mtaalamu wa vipimo vya kusikia.

Baada ya upasuaji wa aina ya mleta uzi, sikio hupoteza kama desibeli 50 hadi 60, kwa sababu njia ya hewa na ngoma havipo. Sikio la ndani kwa kawaida bado lina uwezo wake. Kwa hiyo kifaa cha kupitisha sauti kwenye mfupa kinasaidia sana. Kipo cha kuvaa kwa mkanda wa kichwani, kipo cha kufungwa kwenye skrubu ya titani nyuma ya sikio. Kama mionzi ipo njiani, jadilianeni na timu skrubu iwekwe lini, maana mfupa uliopigwa mionzi hauponi haraka na skrubu inaweza kukataa kushika. Ule mkanda hauna shida hiyo. Kwa waliotolewa sikio la ndani, sauti ya upande ule huhamishiwa sikio zima la pili.

Na tafadhali, pimeni sikio la pili kabla ya upasuaji. Nimeona mgonjwa ambaye sikio lililokuwa linatolewa ndilo lililokuwa zuri zaidi, na hakuna aliyejua mpaka alipoamka.


#12 Mti_Mkavu

Naulizia aina nyingine. Dada yangu ameambiwa adenoidi sistiki, ya tezi za nta ya sikio. Amekaa na maumivu miaka 3 na uvimbe wenyewe ni mdogo kama punje. Je, haya ya T1 na T2 yanamhusu?


#13 Chumba_cha_Upasuaji

Yanamhusu kwa sehemu. Upasuaji ni uleule wa kutoa tundu zima na tezi ya mate. Hata punje ndogo haitolewi peke yake, kwa sababu saratani hii hutambaa kando ya neva mbali na pale inapoonekana, na hiyo ndiyo sababu ya maumivu ya miaka mitatu kwenye kitu kidogo. Mwenendo wake ni wa polepole. Takwimu za miaka 5 kwa kawaida ni nzuri, na hapo ndipo watu wanapojidanganya: inaweza kujitokeza mapafuni baada ya miaka 8, 10, hata 15. Mgonjwa anaweza kuishi nayo mapafuni kwa miaka mingi. Kliniki yake haina tarehe ya kumaliza, na picha ya kifua iwe sehemu yake.


#14 BintiMkubwa

Habari zenu. Nimerudi baada ya wiki 5, samahani kwa ukimya.

MRI ilionyesha nyama ya mbele imeguswa milimita 3, kiungo cha taya kizima. Daktari wetu alishangaa nilipouliza milimita, akarudi kwa msomaji wa picha akaandikiwa. CT ilionyesha mfupa haujatoboka. Ikawa T2. Mdogo wangu aliyetaka mionzi peke yake nilimpa uzi huu akasoma wote, akaja mwenyewe siku ya kusaini.

Mama alikatwa siku 12 zilizopita. Saa 8. Uso wake unafanya kazi. Siku mbili za kwanza mdomo ulivuta upande, nikakumbuka jicho, nikawa namchunguza anavyofumba kila saa mpaka manesi wakaniambia nilale. Ukarudi wenyewe. Sikio la nje lina ganzi, anasema ni kama la mtu mwingine.

Jana patholojia imetoka. Kingo zote safi, wa karibu zaidi ni milimita 4, upande wa mbele. Lakini katika tezi 22 za shingo walizotoa, 1 ina saratani. Daktari ameniambia hiyo tezi haijapasuka ganda lake. Najua kutoka ujumbe namba 7 maana ya tezi moja. Nilitoka nje nikakaa kwenye ngazi.

Wanataka kumwanzishia mionzi grei 60 au 66, siku 5 kwa wiki, na wanajadili kama waongeze dawa ya saratani ya kwenye mshipa. Mama mwenyewe ametulia kunizidi. Ameuliza tu kama nywele zitatoka.


#15 Chumba_cha_Upasuaji

Dada, hongera kwa kingo safi, hilo ndilo lilikuwa mikononi mwa upasuaji na limepatikana. Tezi moja isiyopasuka ganda ni habari nzito, lakini kuna tofauti kubwa kati yake na tezi nyingi au zilizopasuka. Dawa ya mshipani pamoja na mionzi tunaiongeza hasa ganda likipasuka au ukingo ukiwa na saratani. Kwa mama, ambaye hana hata kimoja, mionzi peke yake baada ya upasuaji ni uamuzi wenye mantiki. Muulize daktari wa mionzi akueleze sababu zake kwa kila upande. Na ianze ndani ya wiki 6 tangu siku ya upasuaji, kwa hiyo hesabuni nyuma kuanzia sasa, maana kupanga mionzi nako kunachukua siku.


#16 TunduLaKulia

Dada, mwambie mama nywele zitatoka pale tu mionzi inapopita, nyuma na juu ya sikio. Zangu zilirudi kiasi, si zote.

Atatengenezewa barakoa ya plastiki inayoshika kichwa kisitikisike, ina matundu kama wavu. Dakika za kwanza nilihisi nabanwa. Nilichofanya ni kuomba niivae mara moja kabla ya siku yenyewe, nikiwa nimeketi, na siku ya kwanza ikawa si ngeni. Wiki 2 za mwanzo hatahisi kitu. Kuanzia ya 3 ngozi itawaka, mdomo utakauka, ladha itapotea, na wiki 2 baada ya kumaliza ndipo kunapokuwa kubaya kabla ya kupanda. Asije akadhani matibabu yameshindwa.

Na kabla ya barakoa, wiki hii kama inawezekana, mpelekeni kwa daktari wa meno. Jino bovu la upande wa kushoto litolewe sasa na kidonda kipone, maana taya likishapigwa mionzi, kung'oa jino kunaweza kuacha mfupa usiofunga. Mimi niliambiwa hilo siku ya 4 ya mionzi, nikiwa na jino bovu moja upande ule ule, na bado ninaishi nalo.


#17 BintiMkubwa

Ana meno mawili mabovu kushoto. Nimepata nafasi kwa daktari wa meno keshokutwa asubuhi. Nitawajulisha.